Siku za Gatha: Ukoo na Ufukwe katika Pwani ya Kilwa

Historia ya Kilwa imezoeleka kusomwa kwa mawe. Msomaji huanzia Msikiti Mkuu wa Kisiwani, akapita Husuni Kubwa, akashuka hadi Gereza, na kila jengo likamtajia mtu mwenye cheo: sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, nahodha Mreno aliyeuvamia mji Julai 1505, liwali wa Kiomani, afisa wa Kijerumani. Ni historia ya kweli, wala sina ugomvi nayo. Lakini iko historia nyingine ya pwani hiyo hiyo isiyoacha hata jiwe moja, kwa kuwa vyombo vyake vilikuwa majamvi, vyungu na mizigo ya kuni, na wenyewe walipomaliza shughuli yao walivikusanya wakarudi makwao, maji yakaja yakafuta nyayo. Ni historia ya ukoo mzima kushuka ufukweni na kukaa huko siku kadhaa, wazee kwa watoto, waliobaki kwa walioolewa mbali.

Nimeona haja ya kuiandika kwa sababu ya kauli moja inayosikika sana siku hizi, tena vinywani mwa watu wazima wenye akili zao: kwamba mapumziko ya familia ufukweni ni desturi ya kuazima, imeletwa na mahoteli na watu wa mishahara, na kwamba wazee wetu waliijua bahari kwa kazi tu. Kauli hii ina nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo makala hii.

Anayesafiri kwenda kusini katika majuma mawili ya mwisho ya Desemba ataiona desturi yenyewe kwa macho yake. Shule zimefungwa, korosho zimeuzwa, upepo wa kaskazi umeshika zamu. Mabasi yatokayo Mbagala yamejaa, na mizigo iliyopakatwa magotini inaeleza kila kitu: sufuria kubwa za kuazima, magodoro yaliyokunjwa, keki iliyofungwa kwa gazeti ambayo haitafika salama. Watu wanakwenda Kivinje, Kilwa Masoko, Mchinga, Lindi, Sudi, Mikindani. Wengine wametoka Unguja na Tanga, mmoja wawili Maskati. Miezi kadhaa kabla, kundi la simu limeundwa, mchango umepangwa, mweka hazina amechaguliwa (kwa kawaida shangazi asiyecheka na mtu katika jambo la fedha), na fulana zimechapishwa jina la ukoo mgongoni. Wakifika hupanga nyumba mbili tatu karibu na maji, huko Jimbiza mathalan, au hubanana katika nyumba ya bibi, wanaume wakilala barazani na wanawake na watoto vyumbani. Asubuhi watu huoga baharini. Mchana ni wali wa nazi na pweza, na ming'oko ya kuchemsha kwa wale walioiota tangu walipohamia mjini. Siku moja hutengwa kwa kuvuka na mashua kwenda Kisiwani, nyingine kwa kuzuru makaburi na kusoma hitima. Usiku wa mwisho huwa ni wa kikao.

Nimehudhuria vikao vya namna hiyo zaidi ya mara moja, mara kama mtu wa ndani, mara kama mgeni wa mtu, na nitavirejea, kwani ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Kwanza turudi nyuma.

Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu huko, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kujifunzia lugha yetu. Humo, katika kulifasiri neno mwaka, hakuridhika kutoa tafsiri akapita. Alisimama akaeleza Siku ya Mwaka. Usiku, au alfajiri na mapema, watu wote walikuwa wakioga baharini, na wanawake ndio hasa waliokuwa hawakosi. Kisha kilipikwa chungu kikubwa cha nafaka na kunde zilizochanganywa, kikaliwa adhuhuri na yeyote aliyependa kuja. Mioto yote ya mji ilikuwa ikizimwa, na moto mpya ukapatikana kwa kupekecha vijiti. Na zamani, anasema, damu iliyomwagika siku hiyo haikuulizwa, hata watu wakawa wanayaweka magomvi yao ya mwaka mzima kuyangojea. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, naye aliiandika siku hiyo kama jambo lililojulikana na kila mtu wa Mrima, lisilohitaji kutetewa.

Sehemu moja iliyoihifadhi shughuli hii kwa ukamilifu ni Makunduchi, kusini mwa Unguja. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kuelezwa: wanaume hupigana kwa mikungu ya migomba mpaka hasira ziishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake hupita wakiimba, na asiye na mgeni wa kumlisha siku hiyo huona haya. Watalii huiona kama mchezo. Kwa mwenyeji ni hesabu: mtu aliyekuwa na deni la hasira analilipa mbele ya watu, kisha mwaka unaanza ukiwa mtupu.

Yafaa tuitazame kalenda yenyewe, maana jawabu la swali letu limo humo. Mwaka wa Nairuzi una siku 365, bila ya kuongezwa siku kila baada ya miaka minne. Umegawanywa katika miongo thelathini na sita ya siku kumi kumi, na manahodha, wavuvi na wakulima walihesabu kwa miongo hiyo wakati wa kung'oa nanga, wa kutia mbegu, na wa kungojea upepo wa kurudi. Kwa kuwa hauongezwi siku, unarudi nyuma siku moja katika kila miaka minne ya hesabu ya Kizungu. Wakati wa Steere Siku ya Mwaka ilianguka katika nusu ya mwisho ya Agosti. Siku hizi iko katikati ya Julai. Hesabu hii asili yake ni Uajemi, kabla ya Uislamu, na Waparisi wa Mumbai wanaofuata mapokeo yaitwayo Kadmi huuanza mwaka wao hadi leo katika majuma hayo hayo ya Julai. Mfuasi wa dini ya Zoroasta huko Bara Hindi na mzee wa Makunduchi wanahesabu kwa uzi mmoja bila ya kujuana.

Sasa, miongo thelathini na sita ni siku 360. Zabaki tano. Siku hizo tano huitwa gatha, na jina hilo pia limekuja na jahazi kutoka huko huko Uajemi. Siku za gatha hazimo katika mwongo wowote. Si za mwaka uliokwisha wala si za ule ujao. Tukizitia pamoja na Siku ya Mwaka yenyewe na shughuli za kuitayarisha, tunapata takriban juma zima lililosimama nje ya hesabu ya kazi. Na tuangalie liliangukia wakati gani katika karne ya kumi na tisa: mtama na mpunga vimekwisha kuingia ghalani, masika yamepita, kusi inavuma na vyombo vilivyokuwa na safari ya kaskazini vimekwisha kwenda. Mtu wa Kivinje au wa Lindi hakuhitaji ruhusa ya tajiri wala barua ya likizo. Kalenda yake ilikuwa imemtengea nafasi. Anayesema kwamba mapumziko ya ukoo ufukweni yameanza na hoteli, na atueleze hizi siku tano zilikuwa za nini.

Kwamba bahari ilikuwa ya watu wote, na wakubwa waliiona hivyo, tunayo dalili katika jengo lile lile linalosifiwa na kila kitabu. Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya kumi na nne, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya genge linalotazama bahari, mbali kidogo na mji. Ina vyumba zaidi ya mia moja. Na ina birika la kuogea la pembe nane, lililochimbwa hatua chache tu kutoka kwenye bahari isiyo na mwisho. Neville Chittick, aliyeyafukua magofu ya Kilwa na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974, alipima kila kitu hapo. Mimi, nisiyejua kupima, huwa najiuliza jambo dogo: mtu aliyezungukwa na maji anachimba birika kwa nini, na kumtuma mtu alijaze kwa ndoo? Jawabu langu ni kwamba hakutaka kuoga pamoja na watu. Jumba lenyewe halikukaliwa muda mrefu. Ufukwe ulio chini yake unaogewa mpaka leo.

Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini ya hapo, kinatupa dalili ya namna nyingine. Mji huo ulikaliwa tangu mwishoni mwa karne ya kumi na nne mpaka mwanzoni mwa ile ya kumi na sita, kisha ukaachwa. Wataalamu waliochimba huko kuanzia mwaka 2009, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, hawakushughulika na majumba peke yake. Walichimba pia viwanja vitupu vilivyo baina yake, ambavyo waliotangulia walivipita. Wakaona kwamba utupu ule ulikuwa na kazi. Katikati ya mji, mahali pa wazi, pana makaburi, na kandokando yake paliachwa kokoto nyeupe na sarafu ndogo za shaba, vitu vya watu waliokuwa wakirudi tena na tena kuwazuru wafu wao. Hitima ya siku ya tatu ya wiki yetu ya Desemba, pamoja na watoto wanaookota kokoto njiani na kuziweka juu ya kaburi bila ya kuambiwa, si jambo la jana.

Hadi hapa hadithi ni tamu. Utamu wake unakwisha tunapofika Kivinje.

Mji wa Kisiwani ulipodhoofika, na sultani wake wa mwisho kuondolewa na Waomani katika miaka ya 1840 na kupelekwa Maskati, biashara ilihamia bara, Kilwa Kivinje. Hapo ndipo zilipokuwa zikishuka njia za misafara kutoka nchi ya Wayao na ziwa Nyasa. Pembe zilishuka, na watu walishuka. Katika miaka ya 1860 vitabu vya forodha vilionyesha takriban watumwa elfu ishirini kwa mwaka wakipitishwa Kivinje, na wengi wao walipelekwa Unguja. Mkataba wa 1873 ulipofunga masoko ya watumwa, na amri za Sayyid Barghash za 1876 zilipokataza misafara ya nchi kavu, matajiri wa Kilwa walinung'unika kwa sauti kubwa kuliko wote, na sababu yake haifichiki.

Si wote walioshushwa Kivinje waliopakiwa. Wengi walibaki, wakalima mashamba ya nyuma ya mji, wakavua, wakachukua mizigo, wakazaa. Aliyezaliwa nyumbani mwa bwana aliitwa mzalia, na watumwa wa bwana mmoja waliitana wajoli. Mwanamke aliyewekwa na bwana wake aliitwa suria, na kwa sharia watoto aliomzalia bwana, ikiwa amewakubali, walikuwa waungwana kamili, wakirithi sawa na ndugu zao wa ndoa. Waliobaki walichukua jina la ukoo wa bwana kama mtu anavyochukua mwavuli wa jirani mvua inaponyesha, na mvua ilinyesha muda mrefu. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walitosheka kuagiza kwamba atakayezaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 awe huru. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Kwa hiyo wako watu wazima leo Kilwa na Lindi ambao bibi wa bibi zao waliufika ufukwe ule wakiwa wamefungwa shingoni.

Sasa irudishe Siku ya Mwaka katika mji wa namna hiyo. Kila mtu anaoga, na bahari haina mlango wa bwana na mlango wa mtumwa. Kila moto unazimwa, wa nyumba ya mawe na wa kibanda cha makuti. Chungu ni cha atakayekuja. Na magomvi ya mwaka yana ruhusa. Hakuna tajiri wa pwani asiyejua maana ya hayo: siku hiyo aliyenyamaza mwaka mzima ana kinywa, tena pengine ana fimbo. Sisemi kwamba ilikuwa siku ya usawa. Kesho yake mtumwa alirudi shambani. Lakini alikwisha kuhesabiwa, mbele ya maji, kuwa ni mmoja wa watu wa mji.

Nguvu hiyo ilionekana waziwazi mwaka 1888. Kampuni ya Kijerumani ilitwaa forodha za pwani katikati ya Agosti, majuma ambayo Idi ya kuchinja na Siku ya Mwaka zilikaribiana, na watu wa bara walikuwa wamejaa katika miji. Huko Pangani ghasia za sikukuu na ghasia za siasa zilishikana mpaka zisiweze kutenganishwa. Mwezi uliofuata moto ulifika kusini, na maafisa wawili wa kampuni wakauawa Kivinje. Hassan bin Omari Makunganya, aliyeendelea kupigana wengine walipokwisha kushindwa, alinyongwa mji huo huo mwaka 1895, na mahali pake panaitwa Mwembe Kinyonga. Watoto wa likizo hupelekwa hapo kati ya kuoga na chakula cha mchana. Huuliza maswali mazuri kuliko yetu.

Baada ya hapo Siku ya Mwaka ilififia katika pwani ya kusini, na hapana haja ya kutafuta sababu moja. Serikali ya mkoloni ilikuja na kalenda yake na kodi yake. Vita vya Majimaji vilianza katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, Julai 1905, na njaa iliyovifuata ilifanya chungu cha atakayekuja kuwa jambo lisilowezekana. Baadhi ya walimu wa dini waliipinga Nairuzi kwa kuwa ni ya waabudu moto. Makao ya wilaya yalihamishwa kutoka Kivinje kwenda Masoko katikati ya karne ya ishirini, na mji wa zamani ukaanza kubomoka taratibu. Katika miaka ya 1970 watu wa mikoa ya Lindi na Mtwara walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhamishiwa katika vijiji vipya, na wengi walitolewa mahali walipozikwa wazee wao. Kilichobaki cha Mwaka kiligawanyika: kuoga kukaenda kwenye Idi, kuzuru makaburi kukaenda kwenye Shaabani, na kukutana kwa ukoo kukaenda kwenye harusi na misiba. Kwa muda mrefu msiba ndio uliokuwa likizo pekee ya watu wa kusini, na ni nani anayepanga msiba kwa mchango wa miezi mitatu?

Tena hata aliyetaka kuja hakuweza kuja. Kizazi cha sasa hakitaamini safari ya Lindi ilivyokuwa. Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakizidi watu walilala kandokando ya mto siku mbili, tatu, wakiuziana maji ya kunywa. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na kipande cha lami cha Ndundu hadi Somanga kilichukua zaidi ya miaka kumi mingine. Kwa hesabu yangu, mkutano wa ukoo ufukweni umefufuka pamoja na barabara hiyo, wala si pamoja na hoteli, ambazo huko kusini bado ni za kuhesabika. Watu walikuwa wakiungojea mto. Na bado wako mikononi mwa maji: Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika, mafuriko yaliikata barabara wilayani Kilwa, na kusini ikawa kisiwa tena.

Basi wiki ya Desemba ni Mwaka uliorudi ukiwa umevaa fulana. Ina kuoga, ina chungu kikubwa, ina makaburi. Nimeutafuta ndani yake ule ugomvi wenye ruhusa na ule moto unaozimwa, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu bila ya kiasi. Fulana ina jina moja. Kalenda ya zamani ilijua kwamba chini ya jina moja mna watu wa namna nyingi, ikatenga siku ya kusemeana. Wiki yetu inapenda picha.

Kwenye kikao cha usiku wa mwisho mambo mawili hujadiliwa takriban kila mahali. La kwanza ni shajara ya ukoo: kijana mmoja mwenye kompyuta amekusanya majina, ameyapanga kwa matawi, na yanasomwa. La pili ni kiwanja. Ardhi ya ufukweni ambayo zamani hakuna aliyeitaka, kwa kuwa ni mchanga na chumvi na haizai ila minazi, sasa ina wanunuzi. Warithi ni wengi, mirathi ya babu haijagawanywa, na wageni wenye fedha hawapendi kungoja. Wala hawasemi kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka baharini, hivyo kwamba sehemu wanayoionyesha kwenye picha ndiyo hasa isiyoruhusiwa kujengwa.

Yaonekana ni mambo mawili mbalimbali. Ni jambo moja. Orodha inayosomwa saa mbili usiku kama kumbukumbu ya ukoo, saa nne hugeuka kuwa orodha ya wenye haki ya kuulizwa. Na orodha hizi nyingi hupanda moja kwa moja hadi kwa babu mmoja mwungwana, ikiwezekana aliyetoka Shirazi au Hadhramauti, na njiani huwaacha watu. Huwaacha watoto wa suria, ambao sharia yenyewe iliwapa fungu lao. Hapo dhulma ni wazi na kadhi yeyote atasema hivyo. Huwaacha pia wazao wa wazalia, na hapa sharia haiwasaidii, kwani aliyeacha huru huweza kumrithi aliyeachwa huru asiye na warithi, wala si kinyume chake. Lakini hao ndio waliobaki. Wakati waungwana walipokwenda Dar es Salaam na Unguja, wao walikwea minazi ile, walizibua kisima kile, walifagia makaburi yale ambayo sisi tunafika kuyasomea mara moja kwa mwaka. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinaitambua haki ya mtu aliyekaa na kutumia ardhi kwa mila. Atakayeuza bila ya kuwauliza atakuwa anauza kisicho chake peke yake, na mnunuzi naye ajue.

Najua jawabu linalotolewa, nimelisikia: kwamba kuyataja haya ni kufukua aibu, na kwamba kunyamaza ndiko kuliko wafanya waliokuwa watumwa wakawa ndugu. Lina hekima yake. Wazee walionyamaza hawakunyamaza kwa woga tu. Walitaka mtoto asionyeshwe kidole kisimani. Lakini kunyamaza kwa ajili ya kumficha mtu aibu ni kitu kimoja, na kunyamaza ili asipate fungu ni kitu kingine, hata kama sauti ya kunyamaza ni ile ile.

Katika ukoo mmoja wa Kivinje, ambao sitautaja, orodha ilisomwa Desemba moja kwa kipaza sauti cha kuazima. Ilipokwisha, bibi mmoja mkongwe aliyekuwa ameketi jamvini akaomba radhi kwa wakubwa waliohudhuria, ingawa hapakuwa na mkubwa kuliko yeye, akauliza mbona fulani hakutajwa, na fulani. Mwenye kusoma akajibu kwa adabu: "Bibi, hao hawamo katika nasaba." Bibi akasema yeye nasaba haijui, hakuisomea. Anachokijua ni moto. Alipokuwa mtoto, asubuhi ya Mwaka, moto mpya ulipekechwa nyumbani kwao, na kila nyumba ya watu wao ikaja kuuchukua kwa kigae. Na mama yake alimtia jukumu la kusimama mlangoni aone nani amekwisha kuchukua na nani bado, kwa sababu haikufaa nyumba yoyote yao ilale baridi usiku ule. Akaanza kuzitaja nyumba zile moja moja, kwa mpangilio wa njia, kutoka msikitini kushuka mpaka kwenye mikoko: aliyekuja kwanza, aliyetuma mtoto, aliyekuja akilia kwa kuwa walikosana na mama yake juma lililopita naye akapewa moto vilevile.

Walikuwapo waliotazamana. Wawili kati ya waliotajwa na bibi wazao wao walikuwa pale pale, wakipakua chakula. Mazungumzo ya kiwanja hayakuanza usiku ule. Kijana mwenye orodha alikaa chini karibu na jamvi, akaizima kompyuta yake kwa kuwa umeme wake ulikuwa unakwisha, akaomba daftari la mtoto wa shule, akamwambia bibi arudie kuanzia msikitini, polepole.